Krismasi ya kifamilia hapa Dar: tuanzie wapi ili isiishie kwenye pilau na nguo mpya?

MamaWatatu aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wengine wote habari za jioni.

Tuko watano nyumbani, Kinyerezi. Mimi Mkatoliki, baba watoto ni Mlutheri wa KKKT, watoto wana miaka 4, 9 na 13. Krismasi ya 2026 hatupandi kijijini kwenda kuhesabiwa, tunaila hapa hapa Dar. Tunataka iwe sikukuu ya Kikristo kweli ndani ya nyumba, siyo nguo mpya, pilau, halafu luninga mpaka jioni.

Naomba utaratibu unaofuatika. Tuanze lini, na kila siku tufanye nini bila watoto kuchoka? Taji la Majilio la kanisani, lile la mishumaa ya kungojea Krismasi, linatengenezwaje nyumbani kwa vitu vya sokoni? Twende kanisa la nani, siku gani? Halafu tarehe 25 ndugu zangu upande wa mama, ambao ni Waislamu, wanakuja kula. Jumla tutakuwa kama kumi na tano. Nifanyeje nisikose ibada kwa sababu ya jiko?

Wenye kujua wanieleze kwa vipimo jamani. Jibu la "ombeni tu Mungu atawaongoza" ninalo tayari.

---

Katekista_wa_Zamani alijibu:

Milele amina, dada.

Ibada za nyumbani za Krismasi nyingi hufa kwa sababu moja: zinaanzishwa tarehe 24 jioni. Watoto wamechoka, vitunguu viko jikoni, na kila mtu anatamani iishe. Anzeni na Majilio. Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo hayatangulii 27 Novemba wala hayavuki 3 Desemba. Mwaka 2026 Krismasi ni Ijumaa, na Jumapili zenu ni 29 Novemba, kisha 6, 13 na 20 Desemba. Ukihesabu hadi tarehe 24 mna jioni 26.

Watu wengi hawajui kwamba Majilio yana sehemu mbili. Hadi tarehe 16 Desemba masomo ya Kanisa hutazama zaidi ujio wa pili wa Kristo, pamoja na manabii na Yohane Mbatizaji. Kuanzia tarehe 17 ndipo yanageukia kuzaliwa. Fuateni mpangilio huo. Familia inayosoma Luka 2 wiki ya kwanza inafika tarehe 24 habari imeshachacha, na mtoto wa miaka 9 atakwambia "hiyo tumeshasoma".

Kila jioni dakika 12, zisivuke 15. Fanyeni mara baada ya chakula, kabla vyombo havijaoshwa, maana wakishatawanyika hawarudi. Simu zote ziingie kapuni, ya baba ikitangulia. Zimeni taa na luninga, mmoja awashe mshumaa, mwingine asome fungu lisilozidi mistari 13. Swali moja tu. Kimya cha kuhesabu hadi ishirini, ubeti mmoja wa wimbo wa Majilio, mtoto mmoja aombe kwa zamu, mshumaa uzimwe. Huyo wa miaka 4 mpe kazi ya kuzima, kwa kijiko kilichopinda na siyo kwa kupuliza, la sivyo nta itaruka mezani. Atasubiri kazi yake na hatasumbua.

Swali ndilo linaloua ibada. Ukiuliza "tumejifunza nini?" utajibiwa "kumpenda Mungu" jioni zote 26. Uliza jambo lililomo ndani ya fungu. Zakaria aliuliza "Nitajuaje neno hilo?" akawa bubu (Luka 1:18-20). Maria naye aliuliza "Litakuwaje neno hili?" (1:34), lakini malaika akamweleza kwa upole. Kuna tofauti gani? Wa miaka 13 atakaa na hilo wiki nzima.

Mafungu ya kuchagua: wiki ya kwanza Isaya 2:1-5, Isaya 11:1-10, Mathayo 24:37-44. Ya pili Isaya 40:1-11, Malaki 3:1-4, Marko 1:1-8, Luka 3:7-14. Kutoka tarehe 13 hadi 16: Wafilipi 4:4-7, Sefania 3:14-17, Mika 5:2-5, Isaya 9:2-7. Usiogope kurudia fungu lile lile siku mbili. Watoto husikia zaidi mara ya pili. Halafu kuanzia 17 hadi 23 mna siku saba na mafungu saba: Mathayo 1:18-25, kisha Luka 1 vipande vipande, 5-25, 26-38, 39-45, 46-56, 57-66, 67-79. Kile cha 5-25 ni kirefu. Soma 5-13, ruka, umalizie 18-20.

Tahadhari kwa nyumba yenye Biblia za aina mbili. Katika Union Version "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa" ni Isaya 9:6, lakini katika baadhi ya matoleo mengine ni 9:5. Mika 5 nayo ni hivyo hivyo. Msije mkatumia dakika tatu mkitafutiana mstari gizani. Chagueni Biblia moja, wekeni alama mchana.

---

Mapambo_ya_Altare alijibu:

Mimi nashika la taji.

Kwanza lilikotoka, ili watoto wakiuliza usibabaike. Taji la Majilio lilianzia kwa Walutheri. Mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg, Ujerumani, alikuwa analea watoto maskini. Mwaka 1839 alitundika gurudumu lenye mishumaa midogo myekundu ya siku za kazi na minne mikubwa myeupe ya Jumapili, ili watoto waone wenyewe zimebaki siku ngapi badala ya kumuuliza kila saa. Wakatoliki walilipokea baadaye. Kwa hiyo kwenu baba na mama wote wana haki nalo!

Vitu: sinia ya aluminiamu ya kama sentimita 40, mchanga mkavu uliochekechwa wa kujaza kina cha sentimita 3, mishumaa minne ya kawaida, mmoja mweupe mnene wa katikati, vizibo vitano vya soda, utepe wa zambarau na kipande cha waridi. Maduka ya vifaa vya ibada huuza mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Ukikosa, mweupe wa dukani unatosha. Rangi iwe kwenye utepe, na utepe uzungushwe kwenye ukingo wa sinia, usifungwe kwenye mshumaa, kwa sababu moto ukishuka unaushika. Waridi ni wa Jumapili ya tatu, 13 Desemba, Jumapili ya Furahini.

Yeyusha kitako cha kila mshumaa, kibandike ndani ya kizibo, ndipo ukifukie mchangani. Ukiuchomeka mtupu utainama, maana Desemba ya Dar joto linavuka nyuzi 30 na nta hulegea hata kabla haijawashwa. Kwa sababu hiyo hiyo mishumaa ya akiba ilazwe mahali penye ubaridi, usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mchanga una faida nyingine: nta haigandi mezani, na sinia ikipinduka husaidia kuzima moto.

Feni ya dari izimwe hizo dakika 12. Upepo ukipiga, mshumaa huungua upande mmoja, hutiririka, na unakwisha nusu ya muda wake. Nyumba ikiwa tanuri, fungua madirisha ila pazia lifungwe mbali.

Hesabu: mshumaa wa kwanza utawaka jioni zote 26. Kwa dakika 15 kila mara ni saa 6 na nusu, na mshumaa mwembamba wa dukani unaweza usifike. Nunua wa akiba. Wa pili unaanza tarehe 6, wa tatu 13, wa nne 20, hivyo mwishoni mishumaa inakuwa kama ngazi. Mweupe wa katikati ni wa Kristo, hauguswi hadi usiku wa 24.

Majani: watu hukimbilia mvinje kwa sababu unafanana na ule wa kwenye kadi. Kwa taji ni hatari. Ukikauka unashika moto kama kiberiti. Tumia majani mapana na mazito, ya mwembe au mlimao, ubadilishe kila Jumamosi. Mvinje ufae kwa mti wa Krismasi, kwenye ndoo ya mchanga uliolowana, mbali na mishumaa. Na msiende kuukata ule wa ufukweni, upo pale kuzuia mchanga usiondoke. Nunua tawi au mche bustanini.

Taa za mti zisikutishe upande wa LUKU. Mnyororo wa LED wa wati 10, saa 4 kila siku, siku 26, ni kama uniti moja tu. Kinachounguza nyumba ni ekstensheni hafifu iliyobeba friji, luninga na taa hizo pamoja. Zima kabla ya kulala.

---

Mwinjilisti_Mbezi alijibu:

Bwana Yesu asifiwe.

Swali la kanisa la nani lina jibu jepesi mwaka huu kama mtakubaliana mapema. Mkesha wa 24 upande mmoja, asubuhi ya 25 upande wa pili, familia nzima pamoja. Misa ya jioni ya 24 inamtosheleza Mkatoliki kwa sikukuu yenyewe. Lakini dada, tarehe 27 ni Jumapili, tena ya Familia Takatifu, na Misa ya Krismasi haihesabiwi kwa ajili yake. Na kwa kuwa Krismasi yenyewe ni Ijumaa, nyama siyo tatizo. Sikukuu kuu huondoa katazo la Ijumaa.

Jambo linaloleta aibu ni Ushirika. Kwa taratibu za Kanisa Katoliki, baba hapokei kwenye Misa na mama hapokei kwenye Chakula cha Bwana cha KKKT. Waelezeni watoto nyumbani siku tatu kabla, kwa sentensi mbili. Mtoto akigundua akiwa kwenye mstari atauliza kwa sauti, na jibu la haraka la kumnyamazisha litamkaa vibaya.

Kuhusu maana ya sikukuu, ningependa mzingatie hili. Katika Kanisa Katoliki Krismasi ina Misa nne zenye Injili tofauti. Ya mkesha ni Mathayo 1:1-25, ya usiku Luka 2:1-14, ya alfajiri Luka 2:15-20, ya mchana Yohana 1:1-18. Anayekwenda moja amesikia robo. Kwa hiyo angalieni mnakwenda ipi, zilizobaki zisomeni nyumbani.

Wengi hulala kwenye ile ya mkesha kwa sababu ni orodha ya majina. Usiiruke. Kwa wa miaka 13 ndiyo somo zito kuliko yote. Mathayo anataja wanawake watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Maria. Wa kwanza alijifanya kahaba ili apate haki yake, wa pili alikuwa kahaba, wa tatu Mmoabu, wa nne alichukuliwa na mfalme aliyemuua mumewe. Mwandishi angeweza kuwaficha. Orodha za ukoo kwa kawaida hutaja akina baba. Amewaweka makusudi. Mwana wa Mungu hakuingia kwenye ukoo uliosafishwa kwanza. Nyumba ambayo ina ndugu asiyetajwa mezani itaelewa bila mahubiri.

Kisha Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu". Hapo ndipo Krismasi inapotofautiana na siku ya kuzaliwa ya mtu mashuhuri. Hatukumbuki tu kwamba mtoto mzuri alizaliwa. Tunakiri kwamba Mungu alichukua njaa, usingizi, jasho na kifo. Someni pamoja na Wafilipi 2:5-11. Na Luka 2:24 inawaonyesha wazazi wake wakitoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa, sadaka ambayo Walawi 12:8 inampa asiyeweza kununua mwana-kondoo. Yusufu na Maria hawakuwa na uwezo. Mzazi anayejiona ameshindwa Krismasi kwa sababu hakununua viatu vipya, fungu hilo ni lake.

---

MtafutaKweli aliandika:

Mnahangaika na mishumaa bure. Tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia. Ni sikukuu ya jua ya Warumi, Saturnalia. Mnabatiza upagani.

---

Mwalimu_wa_Historia alijibu:

Mkuu MtafutaKweli, sehemu ya kwanza uko sawa. Biblia haitaji siku wala mwezi. Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200, anataja watu waliokuwa wakikadiria tarehe tofauti, na mojawapo inaangukia Mei. Hakuna anayepaswa kudai kwamba Yesu alizaliwa tarehe 25 kwa hakika.

Sehemu ya pili umechanganya vitu viwili. Saturnalia ilianza 17 Desemba, na hata iliporefushwa iliishia 23. Haikuwa tarehe 25. Sikukuu ya jua ni nyingine: Kaisari Aureliano alizindua hekalu la Jua Lisiloshindwa Roma mwaka 274. Lakini maandishi ya kwanza yanayoonyesha sherehe ya jua tarehe 25 Desemba yamo kwenye kalenda ya Roma ya mwaka 354, na mkusanyo huo huo una orodha inayotaja kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu tarehe hiyo hiyo, orodha ambayo inaonekana kuakisi hali ya mwaka 336. Kwa hiyo nani alimfuata nani, hati haisemi. Wapo wanaoeleza kwa njia ya hesabu: Wakristo wa kale wa Magharibi waliamini Yesu alikufa 25 Machi na alitungwa mimba tarehe hiyo hiyo, ukiongeza miezi tisa unafika 25 Desemba. Wasomi bado wanabishana, na mimi naona hoja ya hesabu ina uzito zaidi ya inavyopewa mitandaoni.

Waorthodoksi wa Urusi, Wakoptiki wa Misri na Waethiopia hufikia Krismasi 7 Januari kwa kalenda yetu, Waarmenia 6 Januari. Imani haisimami juu ya tarehe. Na kama dhamiri yako haikuruhusu kuisherehekea, Warumi 14:5-6 inakulinda wewe na inamlinda pia mwenye taji. Waingereza wa mlengo wako walipiga marufuku Krismasi kwa sheria ya Bunge mwaka 1647, haikudumu.

Dada mwenye mada, nyongeza kwa ajili ya pango la Krismasi. Wafanyeni watoto wakague pango lao kwa Biblia, ni mchezo mzuri wa Jumamosi. Ng'ombe na punda hawamo katika Luka 2. Wametoka Isaya 1:3. Mamajusi hawakutajwa idadi, zawadi ndizo tatu, na Mathayo 2:11 inasema waliingia "nyumbani", siyo zizini. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango la Greccio mwaka 1223 hakutumia sanamu. Alileta hori, nyasi, ng'ombe na punda hai. Kwenu udongo wa mfinyanzi na maganda makavu ya mahindi vinatosha. Hori ibaki tupu hadi usiku wa 24. Mamajusi waanzie chumba cha mbali, kila siku wasogee kidogo, wafike Epifania, sikukuu ya kufika kwao kwa Yesu.

---

JikoLaTemeke alijibu:

Mama Watatu, jiko halikunyimi ibada kama kazi ya 24 imekwisha saa kumi alasiri.

Kwanza nyama, kwa ajili ya wageni wako. Mbuzi ukimtoa mnadani Pugu, achinjwe na ndugu yako Mwislamu mwenyewe, ukimwomba atafurahi. Ukinunua buchani uliza, ingawa bucha nyingi za Dar nyama yake imeshachinjwa hivyo. Kinachosahaulika ni sufuria. Kama imewahi kupika kitimoto (nguruwe), usiitumie hata ukiisugua kwa mchanga. Azima kwa jirani. Kitimoto na bia viwe siku nyingine, siyo "pale pembeni". Waambie mapema kwamba mtaomba kabla ya kula, muombe kwa ufupi. Akitokea wa kukukumbusha kwamba Sura Maryam nayo inasimulia kuzaliwa kwa Isa, msikilize. Pilau ikipoa kwa mdahalo ni hasara ya wote.

Watu kumi na tano: mchele kilo 2 na nusu, nyama kilo 2 na nusu, vitunguu maji kilo 1, vitunguu saumu vichwa vikubwa viwili, tangawizi gramu 100, viazi kilo 1 ukipenda, mafuta kama mililita 400. Binzari nyembamba vijiko vitatu vya chakula, pilipili manga kimoja, iliki punje 15, karafuu 10, mdalasini vijiti vitatu. Vikaange vikavu kidogo, utwange siku hiyo hiyo.

Tarehe 24 asubuhi chemsha nyama na tangawizi, saumu na chumvi hadi ilainike, uhifadhi supu. Kaanga vitunguu hadi viwe kahawia ya chokoleti, maana rangi ya pilau inatoka hapo, siyo kwenye royco. Nyama na supu viingie friji ndani ya saa mbili baada ya kuepuliwa, ndani ya vyombo vipana ili vipoe haraka. Sufuria kubwa yenye mfuniko, katika joto la Desemba, inabaki vuguvugu usiku kucha na inachacha. Umeme ukikatika msifungue friji ovyo. Ukikatika usiku mzima na supu ikaamka ya uvuguvugu, imwage; kuichemsha upya hakuondoi sumu yote.

Tarehe 25 mkirudi kanisani ni saa moja na robo tu ya kazi. Pasha supu ichemke. Kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha supu. Mchele ukiwa mpya punguza robo kikombe, kwa sababu haunywi maji sana na ndio unaotoa bokoboko. Supu ikikaukia usawa wa mchele, funika, punguza moto, palia makaa juu ya mfuniko dakika 20. Usikoroge, geuza mara moja tu. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupakua, mapema inatoa maji.

Mume na wa miaka 13 wakate vitunguu. Hiyo nayo ni ibada, mtanisamehe wachungaji.

---

MamaWatatu aliandika:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Baba watoto ameshasoma, anasema kapu la simu atalinunua mwenyewe (tutaona).

Yamebaki matatu. Baba Krismasi tumwambieje wa miaka 4? Sadaka kwa wahitaji tuifanye vipi? Na mapambo yanashuka lini?

---

Katekista_wa_Zamani alijibu:

Baba Krismasi: mpe aliyekuwepo kweli. Nikolao alikuwa askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4, na anakumbukwa 6 Desemba kwa ukarimu wa siri. Mwaka huu tarehe hiyo ni Jumapili ya pili ya Majilio. Siku hiyo kila mmoja amfanyie mwenzake wema bila kujitaja. Yule mzee mwekundu akimwona dukani mwambie ni mtu aliyevaa nguo za kuigiza. Ukimdanganya kuhusu huyu, siku akigundua atakuuliza na kuhusu yule wa horini.

Sadaka: kopo moja mezani karibu na taji, shilingi 500 kila jioni, jumla 13,000. Watoto watoe sehemu yao kwenye hela ya pipi, la sivyo ni sadaka ya baba. Nguo za Krismasi zina sharti hapa: kila mpya inayoingia, moja nzima itoke. Nzima, siyo iliyochanika. Luka 3:11 mnaisoma wiki ya pili, ndiyo wakati wake. Na kitambaa kifike kwa fundi katikati ya Novemba, baada ya hapo anakupokea tu kwa aibu.

Msipeleke vitu tarehe 25. Makao ya watoto hupokea soda, biskuti na sukari siku hiyo kutoka kila upande, halafu Februari hakuna anayepita. Pigeni simu kwanza, ulizeni kinachohitajika, mara nyingi ni sabuni, taulo za kike, daftari za Januari. Msipige picha za watoto. Kwa wagonjwa wa Muhimbili au Ocean Road, ambao wengi wametoka mikoani na hawana wa kuwatembelea, pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, na msipeleke chakula kilichopikwa. Gereza la Keko au Segerea linahitaji kibali. Unganeni na kundi la parokia au usharika ambalo tayari linakwenda.

Mapambo: watu wa mjini huyapandisha Novemba na kuyashusha 26 Desemba, yaani wanasherehekea kusubiri na kuzima sikukuu ikianza. Fanyeni kinyume. Mti uwe mtupu hadi karibu na tarehe 17, au hata 24. Krismasi inaanza na mkesha na kuendelea. Tarehe 26 ni Stefano shahidi, someni Matendo 7:54-60. Tarehe 28 ni Watoto Mashahidi, Mathayo 2:13-18, na Yesu ni mkimbizi Misri; msiifiche kwa wa miaka 9. Tarehe 1 Januari, Luka 2:21, anapewa jina. Epifania inaangukia Jumapili 3 Januari 2027, hapo mamajusi wafike. Mshumaa mweupe uwashwe kila jioni mpaka Ubatizo wa Bwana, 10 Januari, ndipo pango lifungwe kwenye boksi, kila sanamu ndani ya gazeti lake, na mchanga urudi uani.

Na dada, kitubio (kuungama) msiache hadi tarehe 23. Mstari unazunguka kanisa na padre anabaki na dakika mbili kwa mtu. Wiki ya Jumapili ya tatu, siku ya kazi jioni, utamkuta ametulia.